Chai ya Saa Tisa Usiku

Eliud Kipchoge aliamka saa 10:50 alfajiri mjini Vienna, Oktoba 12, 2019. Akala uji wa oti, kisha akakaa kusubiri saa 2:15 asubuhi, muda uliopangwa wa kuanza. Baadaye alieleza kwamba kile kipindi cha kusubiri kilimwia kigumu kupita kiasi. Alipoachiwa akimbie, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na hapakuwa na binadamu mwingine aliyewahi kuumaliza umbali huo chini ya saa mbili.

Mengi yameandikwa kuhusu siku ile: viatu, wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo, gari lililomulika mistari ya mwanga barabarani ili wasipoteze kasi. Uji haukuandikwa sana. Lakini katika yote hayo, uji ndio pekee ambao mkimbiaji wa kawaida wa Mbagala au Kiborloni anaweza kuupata kesho asubuhi. Mtu aliyezungukwa na wataalamu wa kila aina, ambaye angeweza kuletewa chakula chochote kinacholiwa duniani, alikula uji, zaidi ya saa tatu kabla ya kuanza. Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili, chakula chenyewe na saa kilipoliwa, maana makala hii yote imejengwa juu yake.

Mbio ndefu zimeingia katika maisha yetu ya mwisho wa wiki. Klabu za jogging zimezagaa Dar es Salaam, Kilimanjaro Marathon huujaza mji wa Moshi tangu mwaka 2003, na siku hizi haupiti mwezi bila kusikia mbio za hisani za benki, za hospitali au za chuo fulani. Ukikaa na wakimbiaji wa mbio hizi usiku wa kuamkia siku yenyewe na kuwauliza watakula nini, utakuta makundi mawili. Kundi la kwanza haliweki kitu tumboni, kwa hofu ya kusumbuliwa njiani. Kundi la pili huamka saa 11 alfajiri, likatafuta supu ya ng'ombe na chapati mbili, "nipate nguvu." Wa kwanza hukata moto baada ya kilomita ya 30. Wa pili huanza kutazama vichaka na vibanda vya choo kabla hata ya kilomita ya 10. Wote wamejituma miezi mitatu minne, wamelipa ada, wamenunua viatu kwa bei inayouma, na kazi yote hiyo inaharibiwa na mlo mmoja. Inaniuma kuiona, kwa sababu tiba yake ni mkate, ndizi, sukari na saa ya mezani inayolia mapema.

Jambo hili lilianza kueleweka zamani. Mwaka 1924, daktari Samuel Levine na wenzake walipima damu ya wakimbiaji waliokuwa wakimaliza Boston Marathon. Waliofika hoi, wamepauka, wengine wamechanganyikiwa, walikutwa sukari ya damu imeshuka sana. Waliofika na nafuu, sukari yao ilikuwa karibu na kawaida. Mwaka uliofuata madaktari hao waliwashauri baadhi ya wakimbiaji wale vyakula vingi vya wanga kabla ya mbio na watafune peremende njiani. Safari hii sukari yao haikuporomoka, nao walimaliza wakiwa na hali bora. Umepita muda wa karne moja, na bado utakutana na mtu anayemwambia mwanariadha kwamba sukari ni adui.

Kisha wakaja Waswidi. Mwaka 1967 Jonas Bergström, Eric Hultman na wenzao walichapisha utafiti ambao wataalamu wa lishe ya michezo wanaurejea hadi leo. Walitumia sindano nene kuchukua vipande vidogo vya msuli wa paja, wakapima wanga uliohifadhiwa humo, kisha wakawapandisha watu hao kwenye baiskeli ya maabara waendeshe kwa nguvu ileile hadi waishiwe kabisa. Baada ya siku kadhaa za kula nyama na mafuta bila wanga, walidumu kwa wastani wa dakika 57. Baada ya chakula cha mchanganyiko wa kawaida, dakika 114. Baada ya chakula kilichojaa wanga, dakika 167. Watu walewale, baiskeli ileile. Kwa hiyo anayesema supu ya ng'ombe ndiyo inayotia nguvu ya safari ndefu ana kazi ya kuzijibu namba hizo.

Maelezo yake ni haya. Mwili huhifadhi wanga kwa umbo linaloitwa glaikojeni, katika sehemu mbili: misuli na ini. Mtu mzima aliyeshiba vizuri ana kama gramu 400 kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini. Kila gramu hutoa kilokalori 4, hivyo jumla inakaribia kilokalori 2,000. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa kila kilomita. Mwenye kilo 60 anayekimbia kilomita 42 atatumia zaidi ya 2,500. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele, ila mafuta hutoa nguvu polepole, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo msaada wake unavyopungua. Wanga ukikauka, miguu bado ipo, moyo bado unapiga vizuri, lakini kasi haipatikani tena hata ukijilazimisha. Ndiyo maana kilomita za baada ya 30 zina sifa mbaya kiasi hicho.

Hapa kuna jambo ambalo likieleweka, mengine yote hunyooka. Usiku unapolala, misuli ya miguu haina kazi, kwa hiyo akiba yake hubaki palepale. Ini halilali. Ubongo unaendelea kutumia sukari usiku kucha, na ini ndilo linaloupelekea. Ikifika alfajiri, sehemu kubwa ya akiba ya ini imekwisha. Maana yake ni kwamba chakula cha asubuhi ya mbio hakiijazi miguu. Miguu ilijazwa jana na juzi. Chakula cha asubuhi ni cha kulirudishia ini kile lilichokitoa usiku, ili sukari ya damu isianze kuyumba ukiwa katikati ya safari. Ndiyo sababu hakihitaji kuwa kingi mno. Na ndiyo sababu aliyelala na njaa Jumamosi hawezi kujiokoa kwa kula sana Jumapili alfajiri: anajaza pasipohitaji, na tumbo linalipa gharama.

Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alitupa mfano wa thamani ya wanga unaobaki mwishoni. Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakiwa wanakimbizana na kumaliza kwa muda uleule ulioandikwa, saa 2:09:48. Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Joto la Tokyo lilikuwa limewalazimu waandaaji kuusogeza mwanzo hadi saa 1:30 asubuhi, na mtu anayeanza mbio saa hiyo inampasa awe amekula kwenye saa 10 alfajiri. Ile kasi ya mita mia za mwisho haiendeshwi na mafuta. Inataka wanga, na wanga huo lazima uwe haujaisha baada ya saa mbili za kukimbia.

Wanaokimbia bila kula wana hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi, nayo inastahili kujibiwa vizuri. Wanasema: Wakenya wenyewe hukimbia asubuhi bila kula. Ni kweli. Iten, Kaptagat, Eldoret, saa 12 asubuhi makundi yako barabarani na wengi hawajatia kitu mdomoni isipokuwa labda chai. Hurudi kambini ndipo wakanywa chai ya maziwa na mkate. Video za mazoezi hayo zimesambaa na watu wamezichukua kama somo la siku ya mbio. Lakini yale ni mazoezi, mara nyingi ya saa moja au zaidi kidogo, kwa mwendo ambao mwili wa mwanariadha aliyekomaa unaumudu, baada ya kulala umeshiba ugali. Siku ya mashindano wanafungua kinywa. Huyohuyo Kipchoge wa Kaptagat, anayejulikana kwa nidhamu ya mazoezi ya alfajiri, Vienna alikula.

Na tukiwaiga, tuige sahani yao ya siku nzima. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha juu kwa siku saba kambini, wakipima kila kilicholiwa. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitokana na wanga, asilimia 13.4 mafuta, asilimia 10.1 protini. Walikuwa wakipata zaidi ya gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Na walichokula ni kile ambacho ungekikuta kwa mama yako: ugali, wali, mkate, viazi, maharage, kabeji, maziwa, nyama kidogo, na chai yenye sukari ya kutosha. Sukari ya kwenye chai ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya nguvu yao. Hakuna unga wa kopo kutoka ng'ambo uliolifanya Bonde la Ufa kuwa Bonde la Ufa.

Sasa twende jikoni.

Miongozo ya lishe ya michezo, ukiwamo ule uliotolewa mwaka 2016 na chama cha Marekani cha tiba ya michezo kwa kushirikiana na wataalamu wa lishe wa Marekani na Kanada, inasema gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito, zikiliwa kati ya saa 1 na saa 4 kabla ya kuanza. Kadiri unavyokaribia kuanza, ndivyo unavyopunguza. Kwa mkimbiaji wetu wa kawaida, mimi naona gramu 2 kwa kilo, saa tatu kabla, ndicho kipimo kinachofaa kuanzia. Mwenye kilo 60 atahitaji gramu 120. Kikombe kikubwa cha uji mwepesi wa unga wa gramu 50, chenye vijiko viwili vya chakula vya sukari, kina kama gramu 60. Vipande viwili vya mkate mweupe ni gramu 30. Kijiko cha chakula cha asali juu yake, 17. Ndizi mbivu ndogo, 20. Umemaliza hesabu, na hujaenda duka lolote la vifaa vya michezo.

Asiyependa uji ana njia nyingine. Viazi vitamu vya kuchemsha, muhogo wa kuchemsha, wali mweupe uliobaki jana ukapashwa moto na kuliwa na chai tamu, ndizi za kupika zilizochemshwa na chumvi tu. Watu wa pwani wana tende, chakula kilichosheheni sukari, kisichohitaji jiko wala sahani. Nasisitiza kuchemsha. Muhogo wa kukaanga, vitumbua, maandazi na chapati za kusukuma zina wanga, ndiyo, lakini mafuta yake huchelewesha chakula kutoka tumboni, na siku hiyo unataka tumbo liwe limemaliza kazi yake kabla bunduki haijalia.

Lipo jambo litakalowashangaza wanaojali afya. Mwaka mzima tunahimizwa kula dona badala ya sembe, mkate wa ngano nzima badala ya mweupe, maharage na mboga za majani kwa wingi. Endelea hivyo mwaka mzima. Asubuhi ya mbio, geuza. Nyuzinyuzi ambazo ni rafiki wa utumbo siku nyingine huongeza mzigo ndani ya utumbo na kuuchochea ufanye kazi wakati huutaki ufanye. Siku hiyo sembe ni bora kuliko dona, na mkate mweupe ni bora kuliko wa ngano nzima. Maharage, kabeji na makande yaachwe tangu mchana wa siku iliyotangulia. Uji wa ulezi ni mzuri kwa aliyeuzoea, mradi uwe mwepesi.

Tumbo linahitaji kuhurumiwa kwa sababu ya damu. Unapokimbia kwa nguvu, damu nyingi hupelekwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza joto, na utumbo hubakiwa na kidogo. Chakula kilichokutwa kimekaa pale hakisagwi vizuri. Kinatikiswa tu, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua. Hata mabingwa hawasalimiki. Paula Radcliffe aliongoza London Marathon mwaka 2005, tumbo likamkaba, akalazimika kusimama kando ya barabara mbele ya kamera za dunia nzima. Alishinda kwa saa 2:17:42, na heshima yake haikupungua hata chembe. Lakini yeye alikuwa na dakika za kuchezea. Mtu anayepambana amalize kabla barabara haijafunguliwa kwa magari hana.

Kwa hiyo supu ikae pembeni. Mayai matatu yakae pembeni. Parachichi, karanga, soseji, maziwa mazito kwa ambaye tumbo lake halielewani na maziwa, vyote vikae pembeni. Si vibaya, ila vinachukua saa nyingi tumboni na havilipi ini kile linachodai.

Kuhusu saa, najua hapa ndipo penye ugumu. Mbio zikianza saa 12:30 asubuhi, kula saa tatu kabla ni kula saa 9:30 usiku. Watu hucheka wakiambiwa hivyo. Lakini maelfu kwa maelfu ya watu wa nchi hii huamka kila mwaka mwezi mzima wa Ramadhani kula daku, bila njaa, usingizi ukiwa bado machoni, kwa kuwa wanajua siku iliyo mbele yao inataka nini. Mwili hufundishika. Weka kengele, andaa kila kitu jioni ili usianze kutafuta kijiko gizani, kula taratibu, kisha jinyooshe kitandani tena. Hata usipopata usingizi, umelala chali na miguu imepumzika. Aliyeshindwa kabisa kuamka saa hiyo ale saa mbili kabla, lakini apunguze iwe nusu: kikombe cha chai tamu, vipande viwili vya mkate na asali, basi.

Kuna watu ambao hofu ya mashindano huwafunga koo, hawawezi kutafuna. Hao wanywe. Uji mwepesi wenye sukari, chai ya rangi yenye sukari nyingi, juisi iliyochujwa. Ini haliulizi kama wanga ulitafunwa au ulinywewa.

Pale uwanjani, wakati wa kujipasha misuli, watu hufungua soda au kutafuna peremende nusu saa au dakika 45 kabla ya kuanza. Uwe mwangalifu. Kwa baadhi ya watu sukari ya ghafla katika kipindi hicho huamsha insulini kwa nguvu, na sukari ya damu hushuka mara tu wanapoanza kukimbia. Wanajisikia wazito, wanatetemeka kidogo. Si kila mtu, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Njia salama ni kungoja hadi zibaki dakika 10 au chini ya hapo, ndipo unywe mafunda machache ya kitu kitamu au ule nusu ya ndizi. Wakati huo mwili umeshapata moto na sukari hiyo inakwenda moja kwa moja kazini.

Kahawa inasaidia kweli, kwa sababu kafeini hupunguza jinsi ubongo unavyouhisi uchovu. Kipimo kinachotajwa na watafiti huanzia miligramu 3 kwa kilo ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni kama vikombe viwili vya kahawa nzito, vikinywewa karibu saa moja kabla. Chai ina kafeini pia, ila kidogo zaidi. Kahawa huharakisha choo, na ukiinywa nyumbani au hotelini, ambako choo kipo, hiyo ni faida. Asiyekunywa kahawa siku zote asianze siku hiyo.

Kukosa maji ndiko kunakotisha watu kuliko kunavyostahili. Kwa mwenye kilo 60, mililita 300 hadi 600 katika saa mbili hadi nne kabla ya kuanza zinatosha, na chai na uji vinahesabika humo. Mkojo ukiwa wa manjano hafifu, umefika. Kunywa lita tatu asubuhi "kwa sababu kuna joto" ni hatari ya kweli. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu; chanzo kikubwa kilikuwa kunywa kupita kiasi. Hali hiyo ikizidi huvimbisha ubongo, na imeua watu. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, weka chumvi kidogo kwenye uji na unywe kwa kiasi. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari wake, maana vipimo hivi vimewekwa kwa watu wasio na maradhi hayo.

Yote haya, tafadhali, yasijaribiwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Kila mkimbiaji makini ana siku moja ya wiki ya kukimbia mbali, aghalabu Jumamosi au Jumapili: kilomita 20, 25, 30. Siku hizo ndizo za kufanyia majaribio. Amka saa ileile utakayoamka siku ya mashindano, kula kilekile, toka. Juma moja jaribu uji, juma lingine mkate na asali, lingine viazi vitamu. Andika ulichokula, saa uliyokula, na ulivyojisikia kilomita ya 5 na kilomita ya 25. Kufikia mwezi wa mbio utakuwa na jibu lako mwenyewe, na jibu hilo lina uzito kuliko ushauri wangu au wa mtu yeyote. Namjua mkimbiaji ambaye tumbo lake halikubali ndizi mbivu, chakula ambacho kila mtu humwambia ale. Anakula wali na chai, anakimbia vizuri.

Moshi yenyewe ni mtihani wa mkesha. Wikiendi ya Kilimanjaro Marathon mji hugeuka sherehe, marafiki wamekutana baada ya mwaka, nyama inachomwa kila kona, mtori unanukia, na mgeni anaambiwa hawezi kuondoka Uchagani bila kuonja. Aonje Jumapili jioni. Jumamosi mchana ale sahani nzuri ya wali au ndizi, ugali wa sembe, samaki au kuku kipande kimoja, na usiku ale mapema, saa 12 au saa 1, mlo wa wastani wa vyakula hivyohivyo. Bia na mbege havimfai. Njia ya kupanda kuelekea Mweka haina huruma hata kwa aliyelala vizuri, na wengi huifikia wakati akiba ya misuli inaelekea ukingoni. Anayekimbia kilomita 5 hana haja ya masharti yote haya. Kikombe cha chai na ndizi vinamtosha. Wa kilomita 21 anayejua atakuwa barabarani saa mbili na zaidi, ayafuate.

Nina ombi kwa wenye hoteli na nyumba za kulala wageni, Moshi na kwingineko kunakofanyika mbio hizi. Wageni hulipia malazi pamoja na kifungua kinywa, kisha jiko hufunguliwa saa 12 au saa 1 asubuhi, wakati wao wako tayari mstari wa mwanzo au wameshaanza kukimbia. Mgeni mwenye uzoefu huja na chupa yake ya chai, mkate, asali na ndizi ndani ya mfuko, na kila anayesafiri kwa ajili ya mbio namshauri afanye hivyo, na aombe maji ya moto jioni kabla mhudumu hajaenda kulala. Lakini kwa usiku mmoja tu wa mwaka, mpishi mmoja anaweza kuwasha jiko saa 8:30 usiku na kuweka mezani sufuria ya uji mwepesi, chai, mkate, asali na ndizi hadi saa 10. Waandaaji nao waandike saa hiyo kwenye ujumbe wanaowatumia wakimbiaji, palepale wanapoandika muda wa mabasi na mahali pa kuegesha magari. Mayai, soseji na supu ya ng'ombe zisubiri saa 5 asubuhi, wageni wakirudi na medali shingoni, misuli inahitaji protini ya kujijenga na wenyewe wana njaa ya kumaliza kila kilichopikwa.